Baiskeli, pikipiki au gari: ununue nini ukiishi Kisumu?

Ukiuliza swali hili kwenye steji ya boda pale Kondele, utajibiwa "pikipiki" kabla hujalimaliza. Ukiuliza ofisini utaambiwa gari, tena Vitz au Demio, eti hayanywi mafuta. Fundi wa Kibuye naye atakuonyesha baiskeli ya mtumba aliyoitundika ukutani na kukuapia kwamba hata wajukuu wako wataiendesha.

Wote hao wanapiga hesabu ya mwendo na mafuta. Mimi hesabu yangu inaanzia usiku. Mtu wa kazi ya kawaida hapa mjini huwa barabarani saa moja, labda mbili, kwa siku. Saa zilizosalia chombo chake kimesimama mahali, na hapo kiliposimama ndipo kinapoibwa, kinapopigwa jua, kinaponyeshewa au kinapotozwa ada. Kwa hiyo kabla hujauliza kinakwenda mbio gani, uliza kitalala wapi.

Swali hilo peke yake linachuja wengi. Aliyepanga chumba kimoja kwenye ploti ya Manyatta, Nyalenda au Obunga, geti la pamoja na ua wa kuanikia nguo, hana pa kuliweka gari hata akipewa la bure. Anayeishi Milimani kwenye ua wenye mlinzi anaweza kuwaza chochote ambacho mfuko wake unaruhusu. Katikati wako watu wa Migosi, Kenya Re, Mamboleo na Kibos Road. Wana kanafasi, wana kamshahara, na kila mwisho wa mwezi wanajiuliza kama wakati umefika. Hao hasa ndio ninaowaandikia.

Kabla ya kumiliki chochote

Matatu ndiyo nafuu kwa kila kilomita, mradi unakaa karibu na barabara kuu: Kondele, Mamboleo, Nyamasaria, Otonglo hadi Kisian. Tatizo ni kwamba matatu inakomea kwenye lami. Kutoka steji hadi mlangoni utatembea au utapanda kingine, na hicho kingine ndicho kinachokula pesa bila wewe kuona.

Tuktuk ndiyo chombo cha Kisumu hasa. Nyuma inakaa watu watatu, na dereva mwenye tamaa humbana wa nne hapo mbele pembeni yake. Inaingia hadi ndani ya mtaa, ina turubai la mvua, na kwa mizigo ya nyumbani haina mpinzani: mtungi wa gesi, gunia la makaa, televisheni iliyotoka dukani sasa hivi. Boda inashinda kwa haraka. Kisheria, tangu mwaka 2012, inabeba abiria mmoja tu, na dereva na abiria wote wavae helmeti na koti la kung'aa. Ukisimama Kondele saa kumi na moja jioni utajionea jinsi sheria hiyo inavyofuatwa.

Jambo ambalo mgeni wa mji halijui ni kwamba kila usafiri una namna yake ya kukupotezea mali. Kwenye matatu hatari iko mlangoni, pale watu wanaposukumana kupanda, mkono wa mtu ukiwa kwenye mfuko wako. Kwenye tuktuk hatari iko pembeni, kwa sababu haina mlango: msongamano ukiisimamisha, simu uliyoishika mkononi inaondoka na mpita njia. Kwenye boda, mkoba wa mgongoni unakaa mahali ambapo wewe huuoni lakini kila aliye nyuma yako anauona. Anayebeba kompyuta kila siku nitamwambia achukue tuktuk, akae katikati, kamba ya mkoba aizungushe mguuni.

Ukitaka kujua kama wakati wa kununua umefika, fungua ujumbe wako wa M-Pesa na ujumlishe nauli ya mwezi mzima. Ongeza zile ulizolipa taslimu. Ikiwa jumla haifikii nusu ya kile utakachokuwa ukilipa kwa mkopo, mafuta na bima, subiri. Endelea kuwalipa wenye tuktuk na uache vyombo vyao viwaumize vichwa wao.

Baiskeli: chombo kinacholala ndani

Kisumu ni tambarare kwa sehemu kubwa. Mji umekaa kando ya ziwa, kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na ukielekea Ahero ni uwanda wa Kano mtupu. Kutoka Kondele kushuka mjini baiskeli karibu inajiendesha. Ndiyo maana eneo hili lote la magharibi lililelewa na baiskeli. Boda yenyewe ilizaliwa kwa baiskeli, kwenye mpaka wa Busia na Malaba miaka ya 1960, na hapa Kisumu watu walibebwa kwenye keria yenye mto wa sponji hadi pikipiki zilipofurika, baada ya serikali kuondoa VAT kwa zile za chini ya 250cc mwaka 2008.

Abiria wamehama, lakini mafundi wamebaki. Hilo si jambo dogo. Pancha yako itazibwa mtaani kwako, chini ya mti, kwa pesa za chai. Mnyororo, friwili, spoksi, breki, vyote vinapatikana Kibuye, na Jumapili ndipo soko linapojaa kweli.

Kuna baiskeli za aina tatu, na watu huzichanganya. Kuna Black Mamba, ile nyeusi nzito ya breki za vyuma. Haipendezi, haikimbii, lakini inabeba gunia na kila fundi anaijua kwa kuipapasa. Kuna ya mtumba yenye gia, iliyotoka Ulaya au Japani. Ni nyepesi na tamu kuendesha, ila jaribu gia zote kabla ya kulipa, maana kipuri cha gia yake kinaweza kukutoa jasho kukitafuta. Na kuna ile mpya inayong'aa ya dukani, yenye springi mbele na nyuma na rangi tatu. Hiyo ya tatu nakushauri uiache. Springi zake ni mzigo tu, breki zake ni plastiki, na gurudumu lake huanza kucheza mapema mno. Kwa pesa hiyo hiyo unapata mtumba wa chuma halisi.

Sifa yake kuu ni ile niliyoanza nayo. Baiskeli inalala ndani na wewe. Hata kwenye chumba kimoja inasimamishwa ukutani nyuma ya mlango, na mwizi atakayeitaka itabidi akupite kitandani. Mchana ifunge kwa kufuli linalopita kwenye fremu, si kwenye gurudumu peke yake, maana gurudumu linafunguliwa wewe ukiwa bado unaamkiana na mlinzi.

Mipaka yake ni ya kweli. Saa saba mchana joto la hapa linafika nyuzi 30 na zaidi, kwa hiyo kama kazi yako ni ya shati jeupe, beba shati la pili. Ukikaa Riat, Kajulu au njia ya Kiboswa, asubuhi utashuka ukiimba na jioni utasukuma. Nyamasaria na sehemu za chini za Nyalenda kuna udongo mweusi ambao ukinyeshewa unajaa kwenye madigadi hadi gurudumu linakataa kuzunguka. Hapo ni kuinyanyua begani. Jioni karibu na Dunga, siku wadudu wa ziwa wanapopanda kama moshi, fumba mdomo na uvae miwani.

(Msomaji wa Nakuru asinukuu maneno haya kwa mji wake. Nakuru iko juu ya mita 1,800, hewa ni ya baridi na jasho si tatizo, lakini mji mzima umeinama kutoka Menengai kuelekea ziwani. Kabla ya kununua, angalia kazi yako iko upande gani wa mteremko.)

Usiku sishauri baiskeli kwenye barabara ya Busia wala ya Nairobi. Malori ya masafa hayana habari na wewe.

Pikipiki: rahisi kuendesha, ngumu kulinda

Kwa mafuta pekee, pikipiki inaishinda gari bila ubishi. Tuseme nyumbani hadi kazini, kwenda na kurudi, ni kilomita 12, na unafanya kazi siku 22 kwa mwezi. Hizo ni kilomita 264. Pikipiki ya 125cc au 150cc, Boxer, TVS au Honda, inakwenda kama kilomita 45 kwa lita, kwa hiyo unahitaji lita sita hivi. Gari dogo katika foleni za mji linakwenda kama kilomita 14 kwa lita, karibu lita 19. Mwishoni mwa 2025 lita ya petroli hapa ilikuwa kama shilingi 184: hiyo ni shilingi 1,100 kwa pikipiki, na karibu 3,500 kwa gari. Bei hubadilika, EPRA, mamlaka ya nishati, hutangaza mpya tarehe 14 ya kila mwezi, basi rudia hesabu kwa bei ya leo.

Lakini mafuta ndiyo sehemu rahisi. Mpya inagharimu zaidi ya shilingi laki moja na nusu, na wengi huichukua kwa mkopo wa kulipa kila siku au kila wiki. Kiasi cha siku kinasikika kidogo, na ndivyo kilivyopangwa kisikike. Muulize muuzaji swali moja na usikubali jibu la pembeni: "Nikimaliza kulipa, nitakuwa nimetoa shilingi ngapi kwa jumla?" Kisha linganisha na bei ya taslimu, huku ukikumbuka kwamba hadi malipo ya mwisho jina la mkopeshaji litakuwa kwenye logbook (cheti cha umiliki), kifaa cha kuifuatilia kitakuwa kimefichwa ndani ya pikipiki, na ukichelewa itachukuliwa kutoka mahali popote ilipo.

Wengi hujifariji: "Nitabeba abiria asubuhi na jioni, pesa zirudi." Omera, tulia kidogo. Leseni ya pikipiki yako mwenyewe ni daraja A2. Ya kubeba abiria kwa malipo ni A3. Bima nayo ni nyingine. Halafu kuna steji. Steji ina wenyewe, ina mwenyekiti na ada ya kujiunga, na mtu wa ofisini anayetokea saa kumi na mbili asubuhi kuokota wateja wao hatachekewa. Kama unataka biashara ya boda, ingia kama biashara. Kuichanganya na safari ya kazini huharibu zote mbili.

Sasa usiku. Pikipiki ni nzito mno kuibeba na nyepesi mno kuiacha nje. Watu wawili wenye nguvu wanaisukuma hadi nje ya geti bila kuiwasha, na ikifika kwa anayevunja vipuri, kufikia asubuhi hakuna pikipiki tena ya kutafuta. Ndiyo sababu kwenye ploti nyingi utaona watu wanaiingiza ndani, sebuleni, taa ya mbele ikitazama televisheni. Silaumu, maana ni mali ya miezi mingi ya kazi. Lakini tangi la petroli, jiko la gesi na watoto waliolala katika chumba kimoja kisicho na dirisha la maana ni balaa lililokaa tayari. Kama chumba chako ndicho hicho, pikipiki si chombo chako kwa sasa, hata kama pesa unazo. Hamia kwanza penye geti linalofungwa na mlinzi anayelala mchana, ndipo ununue. Mnyororo mnene upite kwenye gurudumu na kwenye chuma kilichozikwa kwenye saruji. Kufuli la usukani peke yake ni salamu tu.

Kuna na mwili wako. Mwaka baada ya mwaka takwimu za NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, zinaonyesha wanaokufa zaidi barabarani ni watembea kwa miguu, na wanaofuata ni waendesha pikipiki. Helmeti ya bei rahisi inayouzwa kwa ajili ya polisi haikusaidii kichwa. Hii ndiyo bidhaa pekee katika makala haya ambayo ningependa uinunue mpya na ya bei kali kuliko ulivyopanga. Na vaa buti. Kifundo cha mguu ndicho kinachogusa lami kwanza.

Kuhusu mvua: hapa hunyesha zaidi alasiri na jioni, mawingu yakijikusanya upande wa Nandi. Yaani inakukuta ukirudi, si ukienda. Koti la mvua likae chini ya kiti siku zote.

Za umeme, zile za kubadilisha betri, ni tulivu na hazina mambo ya oili wala plagi. Zinakufaa ikiwa kituo cha kubadilisha betri kiko kwenye njia yako ya kila siku. Kama hakipo, usidanganyike na ukimya wake.

Gari: linalala salama, lakini halilali kwako tu

Bei ya gari la mtumba hapa inatengenezwa bandarini. Sheria inakataa gari lenye umri wa zaidi ya miaka minane, kisha linapigwa ushuru wa forodha wa asilimia 35, ushuru wa bidhaa juu yake, na VAT ya asilimia 16. Ndiyo maana hata Vitz ndogo inauzwa ghali, na ndiyo maana wengi hununua lililokwisha kutumika hapa hapa. Hapo ongeza bima, ambayo angalau ile ya kufidia mtu wa tatu ni lazima kisheria, maegesho ya kaunti kila siku ya kazi, na fundi.

Unachopata ni hiki: mvua haikugusi, kompyuta haionekani ukiiweka kwenye buti kabla ya kuondoka (si ukishafika, kila mtu akikutazama), na watoto wanakwenda shule pamoja. Vinavyoibwa ni vioo vya pembeni; piga chapa ya namba ya gari kwenye vioo vyote wiki ya kwanza.

Gharama ambayo haimo kwenye hesabu ya muuzaji yeyote ni ya watu. Magharibi ya Kenya gari si la mtu mmoja. Habari zake zitafika Siaya au Seme kabla logbook haijaandikwa jina lako. Mgonjwa akizidiwa usiku, utapigiwa wewe umpeleke Russia, kwa maana ya hospitali ya rufaa ya Jaramogi. Ijumaa kuna mwili wa kusindikizwa, Jumamosi kuna matanga, Desemba kuna safari ya dala, yaani nyumbani kijijini, na kuku wawili kwenye buti wakati wa kurudi. Watakuambia watachanga ya mafuta. Watachanga, lakini haitafika hata robo tangi.

Wapo wanaolalamikia jambo hili. Mimi naliona kama sehemu ya bei, na wakati mwingine ndiyo sababu nzuri kabisa ya kununua. Mwenye wazazi wazee kijijini, mbali na lami, ana haja ya gari kuliko kijana wa Milimani anayelitaka kwa ajili ya Jumamosi jioni. Ila basi anunue linalofanana na kazi hiyo. Vitz na Demio ni za mji: ziko chini, zinageuka kwenye uchochoro, zinanywa kidogo. Ukizipakia watu watano na gunia la mahindi kwenye njia ya udongo, zinaburuza tumbo. Probox haitakupa sifa mbele ya maduka ya Mega City, lakini inabeba, ina springi za kazi, na kila fundi kuanzia hapa hadi Bondo amewahi kulala chini yake.

Kwa hiyo

Chumba kimoja kwenye ploti, kazi iko mjini na njia ni tambarare: baiskeli ya mtumba, na tuktuk siku za mvua. Kazi ya kuzunguka kwa wateja, nyumba ina geti na mlinzi, huna watoto wa kupeleka shule: pikipiki, taslimu ikiwezekana. Familia, wazazi kijijini, mahali pa kuegesha pasipolipiwa usiku: gari, na uchague kati ya Vitz na Probox kwa kuangalia barabara ya dala, si ya mjini. Unayehama nyumba kila baada ya miezi michache kwa sababu ya kodi, usinunue chochote chenye injini bado.

Karatasi

Kwa gari au pikipiki iliyotumika, tafuta namba yake kwenye mfumo wa NTSA kupitia eCitizen kabla ya kwenda kuiona. Jina litakalotokea liwe la mtu uliye naye, au la mtu atakayekuja mwenyewe. "Logbook iko kwa bosi" ni sababu ya kumaliza soda yako na kuondoka. Linganisha namba ya chesi na ya injini zilizochongwa kwenye chuma na zile za kwenye karatasi; penye dalili ya kusuguliwa, acha. Uhamisho unaanzishwa na muuzaji kwenye akaunti yake, basi aufanye mkiwa mmeketi pamoja, ukubali kwenye simu yako, na hapo ndipo pesa nyingi zitoke. Sheria inakataza kutumia gari barabarani zaidi ya siku 14 baada ya kuuzwa kama mmiliki mpya hajaandikishwa, na askari wa barabarani wanaijua siku hiyo ya 15.

Baiskeli haina logbook. Ina namba iliyogongwa kwenye fremu, mara nyingi chini, pale pedeli zinapokutana. Igeuze kichwa chini mbele ya muuzaji na upige picha ya namba. Mwambie akuandikie risiti, hata kwenye karatasi ya daftari, iwe na jina lake, namba ya simu na bei. Kisha lipa kwa M-Pesa badala ya noti, ili jina litakalotokea kwenye ujumbe lilingane na lililo kwenye risiti.